Overdraivu ya Land Rover ya zamani haifi kwa uzee, inakufa kwa njaa ya oili

Nyumbani kwetu Sakina kuna Land Rover 109 Series III ya petroli ambayo mzee aliinunua mnadani mwaka 1991, akaiendesha mpaka macho yalipomgomea, afu akaniachia mimi. Ndani ya hiyo gari, pale chini karibu na mkono wa gia, kuna vimkono vinne. Wa kwanza ni wa gia za kawaida, wa pili ule mwekundu wa kuingiza lo, yani gia nzito za mwendo wa taratibu, wa tatu wa njano unaobonyezwa ili mbele nako kuvute, na huo wa nne ndo overdraivu ya Fairey. Mafundi wengi niliokutana nao hapa Arusha wanaijua kwa kuiona tu, na zaidi ya mmoja alinishauri niitoe kabisa nirudishie kifuniko, "hiyo kitu inasumbua boss, toa tu utembee". Sikuitoa. Nataka nieleze kwa nini, na nieleze yale yaliyonitoa hela mara mbili ili we ulipe mara moja.

Kwanza tuelewane inafanya nini, maana watu wanaichanganya na turbo. Overdraivu haiongezi nguvu hata kidogo. Gari hizi zina gia nne, na namba nne ni moja kwa moja, yani shafti inayoingia giaboksi na inayotoka zinazunguka sawasawa. Fairey, ambao walikuwa kiwanda cha mawinchi pale Tavistock Uingereza, walitengeneza kiboksi kidogo kinachofungwa nyuma ya transfa, lile boksi linalopokea mwendo kutoka giaboksi na kuugawa kwa tairi za mbele na nyuma, pale ambapo kuna kifuniko cha kufungia mashine ya pembeni kama pampu au winchi. Kile kiboksi kinakamata mwisho wa shafti kuu, na ukivuta mkono wake kinaizungusha ile gia inayopeleka mwendo kwenye transfa haraka kuliko giaboksi yenyewe. Uwiano wake ni 0.782. Injini ikizunguka mara 782, upande wa pili umezunguka mara 1,000.

Sasa weka hiyo barabarani. Gari yangu ina difu ya 4.7, yani propela inazunguka mara 4.7 tairi ikizunguka mara moja, na tairi za saizi ya 7.50-16, na ukipiga hesabu kwa kilomita 80 kwa saa kwenye namba nne injini inazunguka karibu 2,900 kwa dakika. Vuta overdraivu, spidi ile ile, injini inashuka mpaka karibu 2,300. Hiyo ni mizunguko 600 kila dakika, na Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, tuseme saa moja ya njia nyeupe, kwa hiyo ni mizunguko elfu 36 ambayo injini ya zamani kama ile imepumzika kwenye safari moja ya kwenda. Mi nikishaona hesabu kama hiyo siwezi kukubali mtu aing'oe.

Matatizo yangu yalianzia kwenye giaboksi wala sio kwenye overdraivu. Mwaka 2019 namba mbili ikaanza kuchomoka, hasa nikiachia mafuta kwenye mteremko wa kutoka Oldonyo Sambu kuja Ngaramtoni, unasikia tu mkono umerudi katikati na gari imekuwa huru. Nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Wakafungua giaboksi, wakabadilisha sinkro, zile pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, na beringi, wakafunga, na kwa kweli namba mbili ikatulia. Hapa niseme kitu ambacho sikuambiwa wakati ule: gia ikichomoka, kabla hujakubali giaboksi itolewe, anza na springi na gololi zinazoshika shafti za kuchagulia gia. Ziko pale juu kwenye kofia ya giaboksi, unazifikia ukishatoa sakafu ya katikati, na springi ikichoka gia haiwezi kukaa hata kama meno ni mazima. Ni kazi ya asubuhi moja. Ikigoma baada ya hapo ndo ufikirie makubwa.

Basi gari ikarudi nyumbani, nikakaa nayo wiki moja mjini, afu nikapakia familia kwenda msibani Karatu. Tumepita Kisongo vizuri, tumepita njia panda ya Monduli vizuri, tunakaribia Makuyuni nikasikia mluzi chini ya kiti, mwembamba kabisa, unapanda na kushuka na spidi. Nikarudisha mkono wa overdraivu, mluzi upo. Nikasimama, nikaingia chini, nikagusa giaboksi, ina joto la kawaida, transfa kawaida, kiboksi cha overdraivu nilipokigusa nikatoa mkono haraka maana kilikuwa kinaunguza. Tukasubiri kipoe. Nikafungua plagi ya pembeni ya kupimia oili nikitegemea itachuruzika, hamna kitu, nikachomeka kijiti cha ufagio kikatoka kikavu.

Wale mafundi walijaza oili giaboksi, wakajaza transfa, kule nyuma hawakuweka hata tone wakidhani inapata oili kutoka kwa wenzake. Na kosa langu lilikuwa sikuuliza, nikalipa nikaondoka. Kitu kinachoumiza zaidi ni kwamba kuacha kutumia overdraivu hakuiokoi, kwa sababu hata mkono ukiwa umerudi mwendo wote wa gari bado unapita ndani yake. Kile kiboksi kinazunguka kila gari inapotembea. Tukavutwa na Fuso mpaka Arusha usiku, na msibani hatukufika.

Fundi aliyeniokoa yupo Moshi, maeneo ya Pasua, mzee wa makamo ya baba yangu ambaye amekulia kwenye hizi gari. Nilimpelekea kile kiboksi ndani ya gunia. Nikamwamkia, nikaeleza, akakishika akakizungusha kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, hiki kina tumbo lake. Hakili kwa mdomo wa mwenzake." Akaniambia niilete na gari yenyewe, kwa sababu chembe za chuma kilichosagika lazima zimeshaingia transfa, na ukifunga overdraivu nzima juu ya oili yenye unga wa chuma umefanya kazi bure. Nikaomba likizo, nikakaa naye siku tisa, nikiwa msaidizi wa kushika taa na kuosha vyuma.

Cha kwanza alichofanya kabla ya kushika spana ni kuokota mawe manne makubwa na kuyapanga mbele na nyuma ya tairi. Hili zingatia sana. Kwenye hizi Land Rover handbreki haishiki tairi, inashika dramu iliyoko nyuma ya transfa, yani inashika propela, ile shafti ndefu inayopeleka mwendo kwenye tairi. Ukishafungua propela ya nyuma, handbreki ivute mpaka mwisho gari itaondoka tu na wewe uko chini. Nimeona watu wazima wanaisahau hii.

Afu tunasema "kushusha giaboksi" ila kwenye 109 kiukweli unaipandisha. Unatoa viti, unatoa sakafu, unatoa lile boksi la chini ya viti, unatundika cheni bloku juu, na mzigo wote unatokea ndani ya kebini na kupitia mlangoni. Siku nzima ya kwanza iliisha kwenye bolti za sakafu zilizoshikana na kutu. Overdraivu peke yake inatoka kwa nyuma bila kugusa giaboksi, kwa hiyo kama shida yako iko huko tu usikubali bei ya kutoa vyote.

Vyuma vyote tulivipanga juu ya ubao mrefu kwa mpangilio vilivyotoka, kila washa ikiwa upande ule ule iliokuwa imetazama, na mi nikawa napiga picha kwa simu kila hatua. Tukaosha kwa dizeli, tukakausha kwa upepo. Hapo ndo nikaona madhara: beringi za sindano zilizoko ndani ya ile gia ya kutokea, zile zenye vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, zilikuwa zimegeuka rangi ya bluu kwa joto, na mbili zimekatika. Shafti yenyewe ilikuwa na alama lakini kucha ikipita haikwami, mzee akasema inaendelea. Kipimo chake kilikuwa hicho hicho siku zote tisa. Kucha ikikwama, chuma kinabadilishwa.

Pete za sinkro, zile za shaba njano, unazipima hivi: ibandike pete kwenye koni ya gia yake, ikandamize kwa vidole, angalia pengo kati ya meno ya pete na meno ya gia. Pengo likiwepo la kuonekana, bado ina maisha. Pete ikizama mpaka ikagusa gia, imeisha, haitapunguza tena mwendo wa gia na utasikia meno yanalia kila ukibadilisha. Mzee alizibandika zote, akazipeleka kwenye mwanga wa mlango moja moja akiwa amefumba jicho moja, na kati ya zote akatenga moja tu. Ile gereji ya mwanzo walinibadilishia zote na kunitoza zote.

Kuhusu spea, ukienda dukani ukasema "nataka beringi za overdraivu ya Land Rover" utaambiwa hamna, au utapewa bei ya ajabu. Beringi ina namba yake imechongwa kwenye pete ya nje. Isafishe, isome, nenda nayo kwenye duka la beringi, hata lile linalouzia wenye mashine za kusaga. Namba zina lugha yake, mfano beringi ya gololi ya 6207, zile tarakimu mbili za mwisho ukizidisha kwa tano unapata 35, ndo kipenyo cha tundu la ndani kwa milimita. Beringi ni beringi, haijui imefungwa kwenye gari au kwenye mashine ya mahindi, ilimradi namba ni ileile na sio feki. Feki utaijua kwa maandishi yaliyopigwa kama rangi ya juu juu, ukisugua kwa petroli yanafutika.

Gasketi na silikoni nizungumzie kwa kirefu kidogo maana ndo ugonjwa wa gereji zetu. Mafundi wengi wanakata gasketi kwenye boksi lolote lililopo, la maziwa, la viatu, wanagongagonga kwa nyundo ndogo inatoka na umbo zuri kabisa. Kwenye kifuniko cha kawaida haina neno. Lakini nyuma ya transfa, pale kwenye nyumba ya spidomita, kuna shimu, vipande vyembamba vya kujazia nafasi, zinazoamua beringi za koni zikazwe kiasi gani. Ukiweka pale kitu kinene kuliko kilichokuwepo, shafti inacheza mbele na nyuma. Ukiweka pungufu, beringi zinabanwa na zitaungua ndani ya safari moja. Mzee alizungushia uzi kwenye shafti, akafunga uzi kwenye ile mizani ya springi ya kupimia nyama, akavuta taratibu akisoma mshale, akafungua, akaongeza shimu moja nyembamba kama karatasi ya sigara, akavuta tena. Alirudia mara tano. Mi nilikuwa nimechoka nataka tufunge, yeye hata hakunitazama.

Silikoni nayo, watu wanapaka kama siagi kwenye mkate. Inayozidi inaminyika kwa ndani, inakauka, inakatika, inaenda kuziba tundu la oili. Ile niliyoikuta ndani ya overdraivu yangu ilikuwa na mkia wa silikoni nyekundu urefu wa kidole. Kama lazima utumie, paka utepe mwembamba kama uzi wa kushonea, upande mmoja tu.

Oili. Gari hizi zina matumbo matatu na kila moja lina plagi yake ya kujazia na ya kumwagia: giaboksi lita 1.5, transfa lita 2.5, na overdraivu yenyewe ambayo ni kiasi kidogo tu, unajaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye plagi ya kupimia gari ikiwa imesimama sehemu tambarare. Kwa sababu ni kidogo, ukipoteza kikombe kimoja umepoteza karibu yote. Tafuta oili ya gia ya EP90, na soma dumu vizuri, unataka GL-4. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya kukinga meno ya difu, ni nzuri sana kwenye difu, lakini zile pete za shaba njano haziipendi. Muuzaji atakwambia "zote ni sawa, hii ndo ya kisasa", we msikilize kwa heshima afu uchukue GL-4. Na oili ya injini iliyotumika usiiweke huko hata kwa dharura ya kilomita kumi.

Kuendesha sasa, maana unaweza kufunga vizuri ukaua kwa mguu.

Mi naondoka kwa gia za kawaida, overdraivu ikiwa imerudi. Kwenye barabara ya Moshi mpaka nimalize Usa River sihangaiki nayo, kuna matuta, kuna vibao vya 50, kuna trafiki, utakuwa unavuta na kurudisha bila faida. Ikishafunguka mbele ya Kikatiti, gari iko namba nne, spidi imeshapita 65, nakanyaga klachi mpaka chini, navuta mkono kwa vidole viwili bila kuulazimisha, nahesabu moja, naachia klachi taratibu. Inaingia kama mtu anavyofunga droo iliyopakwa nta. Kuirudisha ni tofauti kidogo, kwa sababu injini inatakiwa ipande mzunguko, kwa hiyo nikishakanyaga klachi na kurudisha mkono nagusa mafuta kidogo kabla ya kuachia. Ukiruka hiyo, gari inashtuka, na kile kishindo unachokisikia kimepigwa kwenye meno.

Mlima ukija mbele, irudishe kabla hujaanza kupanda, usisubiri injini ianze kunguruma na kutetemeka ndo ukumbuke. Injini ikizunguka polepole huku mguu umezama mpaka chini, inaumia kuliko ikizunguka haraka bila mzigo. Ila kuna kitu kitamu hapa ambacho wengi hawakijui. Overdraivu inafanya kazi na gia nyingine pia, na namba tatu ya Series III ni 1.50, ukiizidisha kwa 0.782 unapata kama 1.17, yani umepata gia ya katikati ya tatu na nne ambayo kiwandani haipo. Kwenye mwinuko mrefu wa wastani kama ule wa kutoka Ngaramtoni kwenda Oldonyo Sambu, namba nne inazimia na namba tatu inapiga kelele, hiyo ya katikati inakaa pale pale. Natumia nikiwa peke yangu au na abiria wawili. Nikiwa na mzigo wa mahindi siitumii, na kwenye lo siigusi kabisa.

Kushuka ukuta wa bonde la ufa kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu, overdraivu iwe imerudi tangu juu. Ukiiacha, injini inashindwa kushika gari, inakuwa inakimbia yenyewe na wewe unabaki na breki peke yake, na breki za dramu zikishika joto kwenye zile kona hazirudi mpaka zipoe.

Kama we huna Land Rover ila una Hilux au Peugeot ya gia tano, namba tano yako ndo overdraivu, iko tu ndani ya giaboksi. Hilux nyingi za zamani namba tano ni kama 0.85. Sheria za mguu ni zilezile. Daladala utawaona wanaingiza tano wakiwa spidi 50 kwenye mwinuko eti wanabana mafuta, na gari inatetemeka mpaka vioo vinalia.

Safari ya kwanza baada ya kufunga nilimpeleka mama Marangu. Huwa anakaa mbele na miaka yote tulikuwa tunaongea kwa kupigiana kelele, afu tukifika anasema kichwa kinamgonga. Tumepita njia panda ya KIA, nikavuta mkono, ile ngurumo ikashuka. Akakaa kimya kidogo, akaangalia nje, akasema, "Leo imepona kifua." Afu akaanza kunisimulia habari za shamba, kwa sauti yake ya kawaida, mpaka Himo.

Oili ya mwanzo usiiache muda mrefu. Kilomita 500 za kwanza nilimwaga zote tatu zikiwa bado zina joto. Ya overdraivu ilitoka ya kijivu, na nilipoichukua kwenye kiganja na kuigeuza juani kulikuwa na vumbi la kumetameta rangi ya shaba. Mzee aliniambia kwenye simu hilo ni vumbi la pete mpya kuzoeana na koni zake, ila nikiona vipande vinavyoshikika kwa kucha nimpelekee haraka. Kilomita 3,000 nikamwaga tena, ikatoka rangi ya chai ya rangi, safi. Tangu hapo kila nikirudi safari ndefu, kabla sijaoga, naingia chini na spana moja, nafungua ile plagi ya pembeni na kuingiza kidole kidogo. Oili ikigusa kidole, nafunga.